Kozi ya jioni ya Kituruki, Kadıköy: wiki 10 za vimalizio vya majina, nyota 4 kati ya 5

Maboksi 14 ya nguo za watoto ndiyo yaliyonifikisha kwenye kozi hii. Nafanya kazi ya kargo Laleli, Istanbul, huu mwaka wa sita: wateja wananunua, mimi napokea, napima, nafunga, napeleka uwanja wa ndege. Kituruki nilikiokota madukani, na kwa kuwa nabishana bei na watu wananielewa, nilijiona nimekimaliza. Siku moja nikamwandikia dereva kwenye WhatsApp, “Kolileri depoya al.” Nilikusudia achukue maboksi ghalani ayapeleke uwanjani. Akajibu “Tamam abla”, sawa dada, nami nikaendelea na shughuli zangu. Jioni napiga simu kuulizia mzigo, naambiwa uko ghalani, umepangwa vizuri, mlango umefungwa. Muuzaji alikuwa ameyashusha maboksi mlangoni asubuhi ile, na dereva alifanya kile kile nilichomwandikia: “depoya al” ni “ingiza ghalani”. Nilitakiwa kuandika “depodan al”, yaani “toa ghalani”. Ndege ikaondoka, mteja akangoja siku 4 zaidi, na gharama zikawa juu yangu.

Chanzo cha kosa lile nilikijua baadaye, darasani. Sisi tuna -ni moja inayofanya kazi zote. Maboksi yako ghalani, yapeleke ghalani, yatoe ghalani: neno ni lile lile, kitenzi ndicho kinachosema mzigo unaelekea wapi. Mturuki hana nafasi hiyo. Depoda ni pale ulipo mzigo, depoya ni kule unakoelekea, depodan ni kule unakotoka, na ukikosea kimalizio umegeuza safari nzima. Mimi miaka yote ile nilikuwa nashika chochote kilichokuja mdomoni, kazi iliyobaki namwachia kitenzi, kama tunavyofanya kwenye lugha yetu.

Niseme kwanza kwamba kozi hii haikuwa ya kwanza kwangu. Nilishasoma kwingine, mahali pakubwa penye madarasa mengi, jina lake naliacha. Pale kila kitu kilielezwa kupitia Kiingereza. Hali zote za jina zilipangwa kwenye jedwali moja, siku moja, zikajazwa, kesho yake tukaingia kwenye mada nyingine. Mtihani nilifaulu. Njiani nikabaki vile vile.

Hii ya Kadıköy, upande wa Asia wa Istanbul, ni chumba kimoja, ghorofa ya nne, hakuna lifti, mwendo wa dakika chache kutoka gati la vapur, feri ya abiria. Mwalimu ni mmoja, mama aliyestaafu kufundisha Kituruki katika shule za serikali. Tulikuwa wanafunzi 9. Tulikutana Jumanne na Alhamisi, saat yedide, ambayo kwetu ni saa moja jioni, hadi saa tatu. Kozi inafundisha vitu viwili tu kwa wiki 10: hâl ekleri, vimalizio vya hali, na iyelik ekleri, vimalizio vya umiliki. Hakuna salamu, hakuna mazungumzo ya hotelini, hakuna nyakati za vitenzi. Anayeanza kabisa asiende, atapotea siku ya kwanza. Mwenye Kituruki cha kuokota kama changu, ndiye hasa aliyekusudiwa.

Lile neno hâl ni hali yetu ile ile, limetoka Kiarabu likaenda kwao na kwetu. Waturuki husema jina lina hali: ev ni nyumba tupu, evi ni nyumba inayotendwa jambo, eve ni kuelekea nyumbani, evde ni kuwa nyumbani, evden ni kutoka nyumbani, evin ni “ya nyumba”. Nilipolisikia neno lile likitamkwa taratibu na mwalimu, nikaona mlango umefunguka. Nomino ni ile ile, hali yake ndiyo inayobadilika, kama mtu anavyokuwa safarini au nyumbani.

Jambo linalonifanya niisifu kozi hii ni agizo moja alilotupa siku ya kwanza: “Kendi dilinden bir cümle getir.” Lete sentensi moja kutoka lugha yako mwenyewe. Kila kipindi tulianzia hapo. Yeye hajui Kiswahili hata neno, hajui Kiuzbeki vizuri, hajui Kirusi, lakini ana masikio. Anakuuliza kila silabi inafanya kazi gani, na ukimweleza anaikumbuka wiki tatu baadaye.

Wiki mbili za kwanza ni masikio matupu, jedwali hakuliruhusu. Kimalizio cha Kituruki hufuata irabu ya mwisho ya neno: evde lakini depoda, evden lakini depodan. Kile cha -i kina sura nne: malı, fişi, kutuyu, ürünü. Wenzangu wengine walihangaika. Mimi nilikwenda ubaoni nikaandika pikia, katia, fungia, halafu pembeni somea, letea. Sisi nasi tunafanya hivyo, tena bila kufikiri: kitenzi chenye e au o kinachukua -ea, kingine kinachukua -ia, na mtoto wa miaka mitatu hakosei akasema “somia”. Hocam, yaani mwalimu wetu, alivitazama vile vitenzi muda mrefu, akaniambia nisikariri kanuni yoyote ya irabu, kinywa changu kimeshazoea kazi hiyo, nisome tu kwa sauti kubwa. Nilisoma kwa sauti jikoni kwangu wiki mbili: kolide, kutuda, uçakta, gümrükte. Ikakaa.

(Tulimwita hocam, kama wanafunzi wote wa Uturuki wanavyomwita mwalimu. Ile -m ya mwisho ni “wangu”. Kumbe kila siku tulikuwa tunatamka kimalizio cha umiliki kabla hajakifundisha.)

Uçakta na gümrükte zina t badala ya d kwa sababu konsonanti inayotangulia ni kavu, hutamkwa bila koo kutetemeka. Zipo nane, na watoto wa shule Uturuki hufundishwa kuzikumbuka kwa jina Fıstıkçı Şahap, Şahap muuza karanga: f, s, t, k, ç, ş, h, p. Hilo nililijua siku hiyo hiyo na sijalisahau.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msemaji wa Kiswahili analo mkononi bila kujua. Maneno mengi ya Kituruki yanayoishia p hugeuka b yakifuatwa na irabu: kitap, kitabı. Vitabu vya kozi hukupa orodha ukariri, maana mengine hayageuki. İp, kamba, inabaki ipi, na saç, nywele, inabaki saçı. Wiki ya pili hocam anasahihisha daftari langu anashangaa kwamba sijakosea hata moja katika kundi fulani. Tukayapanga: kitap, hesap, cevap, sebep. Kitabu, hesabu, jawabu, sababu. B iliyofichika kwenye Kituruki sisi tunaitamka waziwazi kila siku! Neno likisimama peke yake Mturuki anaikausha b kuwa p, likipata kimalizio b inarudi: kitabım, hesabı, cevabın, sebebi. Herufi c kwao husomwa j, kwa hiyo cevap ni jawabu kabisa. Hali ni hiyo hiyo kwa tabip, tabibi, ambaye ni tabibu wetu. Na kwa d: murat, muradı, ndiyo muradi. Na ihtiyaç, ihtiyacım, ni hitaji na hitaji langu. Jamani, miaka mitano nimeomba “hesap” mgahawani, na siku moja sijawahi kujua kwamba ndani yake mna hesabu nzima. Angalizo alilonipa: saat, saa, haifuati irabu yake, husemwa saati na saatler, si saatı wala saatlar. Hilo lazima likaririwe.

Kipindi bora kuliko vyote kilikuwa cha wiki ya nne, cha belirtme hâli, ile -i inayobandikwa kwenye kitu kinachotendwa. Hapa ndipo kozi yangu ya kwanza ilipoanguka, kwa sababu maelezo yake yalipitia Kiingereza, na Kiingereza hakina kitu cha kukilinganisha nacho vizuri. Hocam aliandika ubaoni sentensi mbili za kazini kwangu, maana alikuwa ameshajua kazi ya kila mmoja:

Fatura kestim.
Faturayı kestim.

Waturuki hukata fatura kama sisi tunavyokata risiti, kitenzi ni kesmek, kukata. Akauliza tofauti iko wapi. Darasa kimya. Nikaomba chaki nikaandika chini yake:

Nimekata risiti.
Nimeikata risiti.

Akanijia akaweka kidole kwenye ile -i- ya “nimeikata” akauliza, hii inafanya nini? Nikamwambia kwa Kituruki changu: inaonyesha kwamba mimi na wewe tunajua ni risiti gani. Ya kwanza ni risiti tu, yoyote, kazi niliyoifanya. Ya pili ni ile uliyokuwa unaniulizia. Akarudi nyuma hatua mbili, akazitazama sentensi nne zile, akasema, “Aynısı.” Ni hiyo hiyo. Halafu akazunguka na hilo wazo kipindi kizima. Kitap okudum, nilisoma kitabu. Kitabı okudum, nilikisoma kitabu. Koli gönderdim, nimetuma boksi. Koliyi gönderdim, nimelituma lile boksi. Sisi alama tunaiweka ndani ya kitenzi, wao wanaiweka mkiani mwa nomino, kazi ni moja.

Tangu siku ile nina kipimo changu, na nakupa nawe: kabla hujasema sentensi, iseme kwanza kimoyomoyo kwa Kiswahili. Ulimi ukitaka kuweka ki-, li-, i-, u- ndani ya kitenzi, weka -i kwenye jina la Kituruki. Na majina ya watu kipimo hakikosi: sisi hatusemi “nimeona Asha”, tunasema nimemwona Asha, na wao husema Asha'yı gördüm, daima. Mahali kinapokosa ni kwa watu wasiojulikana. Sisi tunasema “nilimwona mtu mlangoni” hata kama hatumjui, kwa sababu ni mtu. Wao husema kapıda bir adam gördüm, bila -i. Hocam aliligundua hilo kwenye zoezi langu la kwanza, akaliwekea duara jekundu, na alikuwa na haki.

Mwenzetu mmoja, dada wa Kiuzbeki, alituonyesha kitu siku ile ambacho bado nakifurahia. Kiuzbeki ni ndugu wa Kituruki, na kimalizio chake cha kitu kinachotendwa ni -ni: kitobni, kitabu kile. Silabi yetu ya mahali, kwao ni ya mtendwa. Yeye alikuwa na kazi nyingine kabisa darasani, kwa sababu Kiuzbeki sanifu kimeacha ule mfuatano wa irabu. Kwake ni -da tu kila mahali, uyda, nyumbani, na Istanbul wanamtaka aseme evde.

Umiliki ulianza wiki ya tano, na hapa pia tulifika tukiwa na akiba. Mwanangu, mumeo, mkewe: tayari tunajua kubandika mmiliki mkiani mwa neno. Mwanangu ni oğlum, mumeo ni kocan, mkewe ni karısı. Tofauti ni kwamba sisi tumeliacha jambo hilo kwa ndugu na watu wa karibu, wao wanalifanya kwa kila kitu duniani: faturam, faturan, faturası, faturamız, faturanız, faturaları. Risiti yangu, yako, yake, yetu, yenu, yao. Angalia s ya faturası na y ya faturayı. Herufi hiyo moja ndiyo inayotenganisha “risiti yake” na “ile risiti” unapoitenda jambo. Kwenye neno linaloishia konsonanti hakuna msaada huo: evi ni “nyumba yake” na pia ni “nyumba” inayotendwa, na mazingira ndiyo yanayoamua.

Nilichokosea hapa kilikuwa mpangilio. Nilikuwa nasema “evdem”, na mtu ananikodolea macho. Sababu yake ni nyumbani kwangu: nyumba, halafu -ni, halafu kwangu. Nilikuwa naipanga vile vile, ev-de-m. Mturuki anaanza na mmiliki, mahali panafuata: ev-im-de, evimde. Wingi unatangulia yote mawili: evlerimizden, kutoka nyumba zetu. Hocam alinikatia vipande vya karatasi vya rangi tatu, kijani cha wingi, njano cha mmiliki, bluu cha hali, akaniambia nivipange mezani mpaka mkono uzoee. Njia ya kitoto, lakini ilinitibu kwa siku mbili.

Halafu kuna mtego wa evinde. Mallar evinde: mzigo uko nyumbani kwako, au nyumbani kwake? Yote mawili ni sahihi. Kwa mtu wa kargo hilo si jambo la kupuuza. Suluhisho ni kuweka senin, yako, au onun, yake, mbele, senin evinde, onun evinde, na tangu hapo hakuna ujumbe wangu unaotoka bila neno hilo.

Kuunganisha majina mawili ndiko kunakowatesa wageni wengi. Mlango wa nyumba ni evin kapısı, na maneno yote mawili yanabeba alama: evin ni “ya nyumba”, kapısı ni “mlango wake”. Mwenzetu Mrusi aliona ni kurudia bure. Nikamwambia kwetu hatusemi “mama wa Asha” tu, tunasema mama yake Asha, na hakuna anayeona tumerudia. Asha'nın annesi. Ukizidi kuunganisha, mfuatano unakuwa kinyume cha wetu kabisa: arkadaşımın annesinin evinin kapısı ni mlango wa nyumba ya mama yake rafiki yangu. Sisi tunaanza mlangoni tunarudi nyuma hadi kwa rafiki. Wao wanaanza kwa rafiki wanafika mlangoni mwishoni. Nilijifunza kuvuta pumzi kwanza.

Na ukiondoa ile -in ya kwanza, maana inabadilika. Çocuğun elbisesi ni nguo ya yule mtoto. Çocuk elbisesi ni nguo za watoto, kama aina ya bidhaa. Kwenye karatasi za mzigo ni hii ya pili inayotakiwa: çocuk elbisesi, erkek gömleği, kadın çantası. Nilirudi kuangalia karatasi zangu za zamani nikakuta nimeandika namna ya kwanza mara kadhaa, kana kwamba maboksi yote ni ya mtoto mmoja anayejulikana.

Kazi ya nyumbani ya wiki hiyo ilikuwa kukusanya majina ya mahali ya namna hii njiani. Mimi natoka Laleli kwa tramu hadi Eminönü, halafu vapur hadi Kadıköy. Nilikuwa nimepita njia hiyo mara nyingi nikiyasoma majina kama picha tu. Safari hii nikayaona mifupa yake: Galata Köprüsü, daraja la Galata. Sirkeci Garı, stesheni ya Sirkeci. Mısır Çarşısı, soko la Misri (na mısır pia ni mahindi). Topkapı Sarayı, kasri la Topkapı. Katikati ya maji Kız Kulesi, mnara wa binti, na upande wa pili Haydarpaşa Garı. Yote yamebeba ile -i au -sı ya “yake” mwishoni. Ukienda huko au ukitoka huko, n inajitokeza: Galata Köprüsü'ne, Haydarpaşa Garı'ndan. Lililonizuia ni Süleymaniye Camii, msikiti wa Süleymaniye, nikauliza kwa nini si camisi kama kapısı. Hocam akaeleza kwamba neno la asili la Kiarabu linaishia na ayn, konsonanti, kwa hiyo zamani halikuhesabiwa kuwa linaishia irabu. Siku hizi camisi nayo inakubalika. Nikakumbuka jamii yetu na i zake mbili, nikakaa kimya nikiitazama ile misikiti kutoka kwenye vapur mpaka tukatia nanga.

Wiki ya vitenzi na hali zake Kiswahili hakikunisaidia. Sisi tunapanda basi, wao wanapanda “kuelekea basi”, otobüse binmek. Sisi tunaogopa mbwa, wao wanaogopa “kutoka kwa mbwa”, köpekten korkmak. Kukariri tu.

Sasa kasoro, na zipo. Kubwa kuliko zote ni makaratasi. Notsi ni fotokopi ya fotokopi, na Kituruki tangu kianze kuandikwa kwa herufi za Kilatini mwaka 1928 kina ı isiyo na nukta na i yenye nukta, herufi mbili tofauti. Kwenye karatasi zile nukta zimefifia. Kulikuwa na neno kwenye zoezi la nguo ambalo sikuweza kujua ni ılık, vuguvugu, kama kwenye lebo za kufulia, au ilik, tundu la kifungo. Kwenye somo ambalo kila kitu kinategemea irabu, hilo ni kosa la kurekebishwa kesho asubuhi. Nimemwambia. Amesema atachapa upya.

La pili, wiki ya mwisho ilikimbizwa. Kile kimalizio -ki, evdeki, “iliyoko nyumbani”, kilipata nusu saa, na mimi nakitumia kila siku: depodaki koliler, maboksi yaliyoko ghalani. Kilistahili kipindi kizima, na wiki ya vitenzi ingepunguzwa. La tatu, ukikosa kipindi hakuna fidia wala rekodi. Na zile ngazi za ghorofa nne si za mtu mwenye magoti mabovu.

Malipo nilitoa kwa mafungu mawili, siku ya kwanza na wiki ya tano. Kiasi sikiandiki kwa sababu kinapangwa upya kila awamu kadiri lira inavyokwenda, ila kwangu ilikuwa nafuu kuliko ile kozi kubwa, na kwa hakika nafuu kuliko kulaza maboksi 14. Cheti hatoi. Anayetafuta karatasi ya kupeleka chuo kikuu aende kwingine. Anayetaka kujua afadhali aseme depoya au depodan, aende pale na viatu vya kupandia ngazi, na aweke kibodi ya Kituruki kwenye simu kabla ya siku ya kwanza.

Wiki mbili baada ya kumaliza, hocam alinipigia. Anaanza awamu mpya na ana mwanafunzi mwingine msemaji wa Kiswahili, akaniomba orodha ya yale maneno ambayo herufi yake iliyofichika sisi tunaitamka. Mpaka leo nimefikisha 11. Kitap, hesap, cevap, sebep, tabip, edep, Arap, murat, inat, ihtiyaç. La mwisho nimelipata juzi tu, nikifungua sampuli za mapambo ya harusi za mteja. Muuzaji ameandika kwenye boksi gelin tacı, taji la bibi harusi. Neno likiwa peke yake ni taç.